Kahawa Iliyopoa Mtendeni

Watu wa Ulyankulu walimbeba Irambona Ciza kwa miaka kumi na mitano, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anataka kubebwa. Alibebwa mgongoni, alibebwa begani, alibebwa kwenye karia ya baiskeli akiwa amefungwa kwa kitenge cha mama yake ili asidondoke. Alipokua, zikaja bodaboda, na magongo yake yakawa yanalazwa mbele ya dereva kama kuni. Vijana walimnyanyua kutoka kanisani huku wakibishana juu ya mpira. Utingo wa basi alimpokea mlangoni kwa mikono ileile aliyopokelea ndoo za asali. Wote walikuwa watu wema, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana ni vigumu kumkasirikia mtu mwema.

Miguu yake iliishiwa nguvu akiwa na miaka mitatu, baada ya homa iliyodumu wiki mbili. Sasa alikuwa na miaka kumi na minane, mabega mapana, viganja vigumu kwa magongo, na jambo moja kichwani mwake: kuendesha gari. Hakutaka fahari ya gari. Alitaka siku moja afike mahali, mahali popote, akiwa ndiye aliyejifikisha.

Alipotimiza umri wa kupewa kibali cha kujifunza udereva, mama yake, Vestina, alilitaja jambo hilo kwenye jumuiya yao ndogo ya Kikatoliki baada ya sala, kwa sauti ya mtu anayetubu. Alitegemea watu wacheke. Lakini mwaka huo tumbaku ilikuwa imeuzwa vizuri na mioyo ilikuwa myepesi. Nyumba moja ikatoa kuku, nyingine ikatoa debe la karanga, nyingine asali, na kabla ya mwezi kwisha ada ya chuo cha udereva cha mjini Tabora ikawa imetimia.

Tatizo likawa gari. Mwalimu wa chuo, Emilian, alikuwa mtu mpole asiyependa kudanganya. Alieleza kwamba magari yake yote yalikuwa ya klachi, na mtu anayeendesha kwa mikono pekee anahitaji gari lisilo na klachi, lililofungwa vyuma vya mkono. Akija na gari la namna hiyo, atamfundisha kwa ada ileile kama wengine, wiki sita, mpaka siku ya mtihani wa trafiki. Vyuma vyenyewe havikuwa shida. Fundi Lukumani wa Mtendeni, mtaa wa mjini Tabora, alikuwa ameshavichomelea, fimbo mbili na mpini mmoja, vikawa vimelala karakanani kwake vikisubiri gari. Lakini kukodi gari kwa wiki sita kulizidi ada yenyewe zaidi ya mara mbili, na hata wenye magari ya kukodisha waliposikia ni la kujifunzia, walikata simu.

Darasa lingeanza Jumatatu. Baada ya hapo lingekuja jingine msimu wa mvua ukiisha. Kila mtu alijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba mvua zikianza pesa za jumuiya zitageuka mbegu na mbolea. Hakuna mtu ambaye angekuwa na kosa.

Ndipo bibi yake, Kankindi, mama mzazi wa baba yake, akasema atakwenda kumwona Mzee Humaidi.

Mzee Humaidi alikuwa mfanyabiashara wa Mtendeni, wa ukoo wa Waarabu waliokuja Tabora zamani za misafara wakabaki. Kwa miaka ishirini Kankindi alimuuzia asali, na katika miaka hiyo yote walizungumza mbele ya mizani tu: kilo ngapi, habari za nyumbani, mvua imefikaje huko kwenu. Mzee hakuwahi kumpunja hata kijiko. Na uani kwake kulikuwa na Toyota nyeupe isiyo na klachi, iliyosimama tangu macho ya mzee yalipoingia ukungu.

Kankindi hakujua kuomba mikono mitupu. Kwao, mwenye haja nzito huenda kwa mwenzake amebeba kinywaji alichokitengeneza mwenyewe. Anakiweka chini na kunyamaza. Mwenye nyumba akikipokea na kukionja, mdomo wa mgeni unafunguka. Asipokionja, mgeni anaaga na kurudi kwake na heshima yake yote, kwa kuwa hakuomba wala hakunyimwa. Na mpaka hapo, mgeni naye haonji kitu cha nyumba ile, hata maji. Kwa njia hiyo alimposea mwanawe mke. Kwa njia hiyo alipata shamba. Alishangaa sana kuona watu wa siku hizi wanaomba mambo makubwa kwa simu, tena wakiwa wamelala.

Kinywaji chenyewe kwa kawaida kilikuwa pombe ya mtama. Vestina akamkumbusha, kwa adabu, kwamba Mzee Humaidi anaswali swala tano. Kankindi akamjibu kwamba alilijua hilo kabla Vestina hajavunja ungo. Atatengeneza togwa, mtama na kimea na asali yake mwenyewe, ataiondoa mapema kabla haijapata nguvu. Akaipika kwa siku mbili. Ilipokuwa tayari akamwita jirani yao Shomari, Mwislamu, aionje. Shomari akaonja bakuli zima, akafuta masharubu, akatamka kwamba mtoto anaweza kuinywa hii na kwenda madrasa moja kwa moja.

Waliondoka Alhamisi alfajiri, Irambona na bibi yake, togwa ikiwa kwenye dumu la lita tano lililofunikwa kitenge.

Basi likafia porini. Dereva akashuka, akalala chini ya injini, miguu ikabaki nje kama ya marehemu. Abiria wakatawanyika kutafuta kivuli. Wanaume wawili wakamteremsha Irambona bila neno wakamweka juu ya mzizi, wakaenda zao. Jua likapanda. Barabara nyekundu ikaanza kuyeyuka kule mbali, ikajitenga na ardhi, ikawa inaning'inia hewani kama kitambaa kilichoanikwa, na miti ya miyombo ikasimama juu ya kivuli chake yenyewe kama iliyosimama juu ya maji. Irambona akaitazama mpaka macho yakalegea. Akaona watu wanakuja ndani ya ule mtetemo wa joto, mstari mrefu, mmoja nyuma ya mwingine, vichwani wana mizigo. Walitembea pasipo kugusa chini. Hakuna aliyefika. Kila walipokaribia, hewa iliwameza, wakaanza tena upya kutoka mbali.

Aligutushwa na sauti ya nyoka. Ilitoka chini ya kitenge.

Kankindi akalivuta dumu taratibu. Lilikuwa limevimba kama shavu la mgonjwa wa jino. Akalegeza kizibo, povu likamwagika mpaka kwenye kiwiko. Akalamba kidole. Akafumba macho kwa muda mrefu.

"Imekuwa pombe," akasema. "Tena nzuri. Sijawahi kupika nzuri kama hii."

Irambona hakujua acheke au alie. Akashauri wanunue soda wakifika mjini, katoni nzima. Bibi yake akamtazama kama mtu aliyeshauriwa kuazima mtoto wa jirani ampeleke kubatizwa. Kinywaji cha kuombea hakinunuliwi. Wala hawakuweza kurudi kupika kingine, Jumatatu ingewapita. Mwishowe Kankindi akalikabidhi dumu kwa utingo na abiria wenzake, na basi lilipowaka saa tisa alasiri, lilifika Tabora likiimba kwaya kwa sauti nne.

Waliposhuka mjini, bibi akajifunga kitenge upya na kusema kwamba wataenda kusalimia tu. Maana mtu hawezi kufika Tabora akapita mlango wa aliyemuuzia asali miaka ishirini. Irambona akamfuata kwa magongo yake kwenye vumbi la Mtendeni, na kila hatua alijua: safari imeshakwisha. Atalikaribia lile gari, atalitazama, na mdomo wa bibi yake utakuwa umefungwa.

Walipobisha hodi, mke wa mzee, Bi Khole, aliwapokea kwa mikono miwili, akawapitisha uani. Na hapo Irambona akaliona. Toyota ilikuwa chini ya paa la bati, nyeupe, na binti mmoja aliyevaa dera alikuwa anaimwagia maji kwa mpira. Maji yaliteremka kwenye kioo na kwenye mlango, yakameta, yakaingia kwenye mchanga bila kelele. Binti akajitambulisha, Ruaa, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, anafanya kazi Dar es Salaam. Akaomba radhi kwa matope. Kuna mnunuzi anatoka Nzega, akasema, atafika jioni hiihii kulichukua gari, na alitaka alikute likiwa na sura.

Kankindi akaitikia kwamba ni vizuri, kitu kikiuzwa kiuzwe kisafi. Sauti yake haikutikisika. 

Mzee Humaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka wa sebuleni, mweupe wa nywele, macho yake yamefunikwa na utando kama wa maziwa. Irambona akampa shikamoo, akaitikia marahaba, akamuuliza Kankindi kilo ngapi leo. Kankindi akasema leo hana asali, amekuja kusalimia. Bi Khole akaleta sinia la shaba, tende, buli la kahawa yenye iliki, na finjani nne. Akamimina. Akaweka moja mbele ya Kankindi, moja mbele ya Irambona.

Hawakuzigusa.

Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya bei ya tumbaku na juu ya basi lililokufa. Mvuke ulipanda kutoka kwenye finjani zile mbili, ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatika. Bi Khole alizitazama finjani, akawatazama wageni, akazitazama finjani tena, na Irambona aliona jinsi uso wake ulivyofungika kidogo kidogo. Mwenye nyumba alikuwa anajiuliza kama wageni hawa wanaona kinyaa vyombo vyake. Mazungumzo yakapungua. Uani, mpira wa maji ukafungwa, na Ruaa akaingia akijipangusa mikono.

 Mzee Humaidi alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Sijasikia finjani ikirudi kwenye sinia," akasema. "Hata moja."

Bi Khole akageuka kumtazama mumewe.

"Babu yangu alikuja na desturi kutoka kwao, bara ya Omani," akaendelea, polepole. "Mimi nilidhani imekufa pamoja naye. Mgeni akiiacha kahawa bila kuigusa, ana haja nzito kifuani. Na mwenye nyumba mwenye haya hangoji ipoe. Mama Kankindi, kunywa. Haja yako nimeikubali."

"Baba," Ruaa akasema, "hujaisikia hata."

"Ningeisikia kwanza, ningekuwa ninafanya biashara."

Irambona akamtazama bibi yake. Bibi alikuwa ameduwaa. Mkono wake uliokunjamana ulikuwa umetoka chini ya kitenge, ukawa hewani, katikati ya paja na finjani. Aliyeombwa alikuwa ameshakubali. Kilichobaki ni kumeza mara moja, kisha kulitaja gari.

Na Irambona angepata gari. Aliliona jambo hilo wazi kama anavyoona kiganja chake. Angepata gari kwa kosa la mzee kipofu, kwa desturi ya nyumba nyingine, bila mtu yeyote kumtazama usoni na kumwambia ndiyo au hapana. Angewekwa ndani yake kama alivyowekwa kwenye mabasi yote. Damu ikampanda mpaka masikioni.

"Babu, ngoja," akasema. "Hatukuiacha kahawa kwa sababu hiyo."

Akaeleza yote, tangu kimea mpaka povu. Hakuruka kitu, hata bakuli la Shomari na madrasa, hata basi lililoingia mjini likiimba. Akaeleza kwamba kwao mwombaji hanywi kabla kinywaji chake hakijapokelewa, na chao kilikuwa tumboni mwa utingo. Bi Khole alianza kutikisika mabega, akaficha mdomo kwa ushungi, akashindwa, akacheka mpaka machozi, na uso wake wote ukafunguka. Kankindi alitazama mkeka. Ni Mzee Humaidi peke yake ambaye hakucheka.

"Kwa hiyo hamjaniomba kitu," akasema, "na mimi sijakubali kitu."

"Ndiyo, Babu."

"Ungenyamaza, ningekuwa nimefungwa na neno langu."

"Najua."

"Haja yenyewe ni nini?"

Kankindi hakuinua uso. Mdomo wake ulikuwa bado umefungwa, na hakuna mtu wa kuufungua. Irambona akangoja kidogo kwa mazoea, kama alivyongoja siku zote, mtu mwingine aseme kwa niaba yake. Kisha akajua kwamba hapa hakuna mwingine.

"Haja ni yangu," akasema. "Miguu yangu haifanyi kazi. Nataka kujifunza gari kwa mikono. Ada ipo, mwalimu yupo, vyuma vipo kwa Fundi Lukumani hapo nyuma. Naomba gari lako wiki sita. Silitaki liwe langu. Sina kinywaji, na sina kitu cha kukupa."

Ruaa akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na alizungumza kama dada anavyozungumza na mdogo wake. Akasema kwamba gari lile haliuzwi kwa tamaa ya pesa. Mwaka jana mzee aliliwasha peke yake, macho hayo, akatoka nalo rivasi akaangusha ukuta wa jirani. Ndiyo maana betri iliondolewa, na ndiyo maana yeye Ruaa hataondoka Tabora kabla gari halijaondoka. Mnunuzi yuko njiani. Akiachwa leo atanunua kwingine, na magari ya zamani kama lile hayapati wateja kila siku.

"Na wewe mdogo wangu, nisamehe nikuulize. Ukiligonga?"

"Nitakuwa nimeligonga mimi," Irambona akasema. "Tangu nizaliwe sijawahi kugonga kitu mimi mwenyewe."

Bi Khole akacheka tena. Mzee Humaidi akainuka, mkono mmoja ukutani.

"Twende tukalione," akasema, na hakuna aliyemkumbusha kwamba yeye hawezi.

Walitoka uani kwa mwendo wa mzee na mwendo wa magongo. Mlango wa dereva ulipofunguliwa, Ruaa akanyoosha mikono kumshika Irambona kwapani, na Irambona akamwomba aache. Akageuka, akakiegemea kiti kwa mgongo, akashika ukingo wa mlango, akajivuta. Mguu wa kulia akauingiza kwa mkono, kisha wa kushoto. Ilichukua muda. Maji yalidondoka kutoka kwenye bamba la mbele, tone baada ya tone, na watu wanne wazima walisimama wakingoja bila kujua waweke wapi mikono yao. Mzee Humaidi alizunguka kwa kupapasa boneti, akaketi upande wa pili, akafunga mlango wake.

Ndani kulinuka sabuni na karanga za zamani.

"Nipeleke Igalula, kwenye mashamba ya karanga," akasema.

"Babu, halina betri."

"Najua halina. Nipeleke."

"Sijui njia."

"Mimi naijua. Wewe shika gari."

Irambona akashika usukani kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akaliingiza gongo moja kati ya magoti yake, akaliteremsha mpaka ncha yake ya mpira ikakaa juu ya pedeli, kama Lukumani alivyomweleza kwamba fimbo ya chuma itakaa. Akabonyeza. Pedeli ikalia.

"Hiyo ni breki," mzee akasema. "Naijua sauti yake. Sasa mafuta. Taratibu. Toka getini, shika kulia. Hapo kuna mama anauza maandazi, ana tabia ya kuvuka bila kutazama."

Irambona akaona geti likifunguka ingawa lilikuwa limefungwa. Akatoka. Mama wa maandazi akavuka bila kutazama, na breki ikalia.

"Vizuri," mzee akasema.

Wakaupita mji. Alimwambia wapi pana kona na wapi lami imeliwa pembeni. Alimwonya juu ya mbuzi. Nyumba zikapungua, zikawa za udongo, zikawa mashamba ya karanga, na kisha pori lilisogea pande zote mbili likawatazama. Usukani haukuzunguka sana, kwa sababu magurudumu yalikuwa yamesimama kwenye mchanga, lakini ulisogea kidogo kushoto na kidogo kulia, na hicho kidogo kilitosha. Mzee alikuwa ameegemeza kichwa. Macho yake meupe yalikuwa wazi kabisa.

Karibu na kijiji cha Kigwa aliacha kuelekeza. Akasema kwamba njia hii ni ya zamani kuliko reli, kuliko Wajerumani, kuliko nyumba yake. Babu zake waliipita na misafara, wenyewe juu ya punda, na mbele yao na nyuma yao watu waliobeba pembe na chumvi na nguo. Wengine walilipwa. Wengine walifungwa shingo kwa shingo, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kubeba. Alikuwa akilijua jambo hilo tangu utotoni, akasema, na katika biashara yake yote hakupata mtu wa kumwambia.

Irambona alikuwa anawaona. Walitembea kando ya barabara katika jua la jioni, mstari mrefu, na safari hii hewa haikuwameza. Aliposogea waligeuka. Akapunguza mafuta ili asiwatimulie vumbi. Akawapita mmoja mmoja, karibu kiasi cha kuona jasho kwenye shingo zao, na kila mmoja alimtazama bila kushangaa, kama anavyomtazama msafiri mwenzake.

Simu ikaita.

Ilikuwa ya Ruaa. Alikuwa amesimama karibu na dirisha la nyuma, na Irambona hakujua alikuwa hapo kwa muda gani. Binti akaitazama simu ikiita mkononi. Akamtazama baba yake kupitia kioo chenye matone, kichwa kimeegemea kiti, midomo ikitabasamu kidogo, mkono mmoja umening'inia nje ya dirisha kama wanavyofanya wanaume wanaosafiri. Simu ikaita mpaka karibu ikatike ndipo akaipokea.

Akamsikiliza mnunuzi. Mnunuzi alikuwa ameshafika stendi, alitaka aelekezwe nyumba.

"Nisamehe sana, kaka," Ruaa akasema. "Gari halipo. Limesafiri." Akanyamaza, akasikiliza. "Ndiyo, baba ameondoka nalo. Hapana, ana dereva. Wiki sita." Sauti ya upande wa pili ikapanda, ikasema maneno mengi, na Ruaa akayapokea yote kwa upole mpaka yakaisha. "Una haki ya kukasirika. Kanunue hilo jingine," akasema, akazima simu.

Kankindi, aliyekuwa amesimama mlangoni na Bi Khole, akaketi ghafla kwenye ngazi, kama mtu aliyekatwa kamba. Bi Khole akaketi kando yake akamshika mkono. 

Irambona alikuwa amesikia kila neno. Alitaka kugeuka, alitaka kushukuru, lakini gongo lilikuwa kwenye pedeli na barabara ilikuwa mbele yake, na mzee hakuwa amemwambia wamefika. Machozi yalimjaa, barabara ikatetemeka ndani yake. Akayafuta kwa kufumba na kufumbua macho. Hakuuachia usukani.

Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa. Gari likashuka kidogo kwa uzito wa mtu wa tatu.  Ruaa alikaa katikati ya kiti cha nyuma, viwiko juu ya viti vya mbele, kichwa kati ya vichwa vyao viwili, kama wanavyokaa watoto wanaopelekwa na baba yao kununua karanga mashambani. Alitazama mbele, kwenye ukuta wa uani na nguo zilizoanikwa. Jua lilikuwa linazama nyuma yao, na ukuta ulikuwa umegeuka mwekundu kama barabara.

"Punguza mwendo," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Hapo mbele kuna reli. Siku hizi treni hazipigi honi."

Irambona akapunguza mwendo.